Pétalos del Bierzo na zabibu ya Mencía: mvinyo mwekundu unaoponzwa na joto

Wengi wanaoifahamu Mencía, zabibu nyeusi ya asili ya kaskazini-magharibi mwa Uhispania, walianza na chupa ya Pétalos. Hutengenezwa na Descendientes de J. Palacios katika bonde la Bierzo, mkoani León, na katika maduka ya Uhispania huuzwa takriban yuro 15 hadi 20. Kwa bei hiyo inastahili sifa inazopewa. Ila ni mvinyo ambao mnywaji huweza kuuharibu mwenyewe mezani bila kujua, kwa kuunywa ukiwa na joto mno, au kuukosea mapema zaidi, dukani, kwa kuchukua chupa ya mwaka usiomfaa. Sababu ni moja: asidi ya zabibu hii ni ndogo, na kila hatua kuanzia shambani hadi kwenye glasi ni kazi ya kuilinda.

Kwenye glasi, rangi ni zambarau iliyokolea. Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingo wa mvinyo mchanga huonyesha wekundu wa ganda la komamanga. Chupa ikishakaa miaka sita saba, ukingo huo huanza kugeukia rangi ya tofali. Harufu ya kwanza ni ya maua, na jina lenyewe kwa Kihispania ni petali. Nyuma ya maua huja cheri nyekundu, forosadi na rasiberi, kisha pilipili manga iliyosagwa muda huo huo, na chini kabisa kitu kinachokumbusha jiwe lililonyeshewa mvua baada ya jua kali. Pipa la mwaloni lipo, ila limekaa nyuma. Vanila na moshi havitangulii matunda. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa Mencía haina sauti ya kushindana na pipa jipya.

Mdomoni ni mvinyo wa umbo la kati. Tanini zake ni laini, zinashika fizi kidogo kama chai ya rangi iliyokolea kiasi, kisha zinaachia. Kileo kwa kawaida ni asilimia 13.5 hadi 14. Ladha hubaki muda wa kutosha baada ya kumeza, na huishia na uchungu mwembamba wa kokwa la cheri ambao ni wa zabibu yenyewe, si kasoro.

Ni mvinyo mkavu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo huitwa mkavu iwapo sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 endapo asidi ni kubwa vya kutosha kuisawazisha. Anayeanza hudanganywa na harufu ya matunda yaliyoiva akadhani anaonja sukari. Kipimo chake ni rahisi: bana pua, kunywa funda moja, subiri sekunde tatu. Ule "utamu" hupotea, ukabaki uchachu na ukakasi. Achia pua, matunda yanarudi. Basi kilichokuwa kitamu ni harufu.

Zabibu yenyewe

Kwa miaka mingi watu wa Bierzo waliamini kwamba Mencía ni ndugu wa Cabernet Franc ya Ufaransa, kwa sababu zote mbili hunukia majani mabichi na pilipili. Vipimo vya vinasaba vimeondoa dhana hiyo. Kilichothibitika ni kwamba Mencía na Jaen, inayolimwa Dão nchini Ureno, ni zabibu moja yenye majina mawili. Upande wa Uhispania imeenea pia Galicia, hasa Ribeira Sacra, Valdeorras na Monterrei, lakini Bierzo ndiko inakoshika nafasi ya kwanza katika mashamba ya zabibu nyeusi.

Tabia yake ngumu ni namna inavyoiva. Sukari hupanda upesi mwishoni mwa kiangazi na wakati huohuo asidi hushuka, kwa hiyo siku nzuri za kuvuna mwezi Septemba ni chache. Mkulima akiwahi, mbegu bado ni za kijani, na mvinyo utakuwa na ukakasi mkali na harufu ya majani yaliyopondwa. Akichelewa siku nne au tano za joto, kileo kinavuka 14.5 na harufu ya matunda inageuka jemu. Kisha huja pigo la pili: baada ya chachu kumaliza kazi yake, bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini. Karibu mvinyo wote mwekundu hupitia hatua hiyo, lakini kwa Mencía, ambayo haikuwa na akiba kubwa, kila kinachopotea huonekana.

Asidi ndogo haiathiri ladha peke yake. Hupunguza pia nguvu ya salfa dioksidi inayowekwa kuzuia vijidudu na hewa. Mvinyo wenye pH 3.5 (kipimo hiki hupanda kadiri asidi inavyopungua) unahitaji takriban miligramu 25 kwa lita za salfa dioksidi huru ili ulindwe ipasavyo; pH ikifika 3.8, ulinzi uleule unadai karibu miligramu 50. Mtengenezaji asiyepima vizuri, au anayetaka kutumia salfa kidogo bila usafi wa hali ya juu, hufungua njia kwa chachu ya Brettanomyces, ambayo hutoa harufu ya zizi la farasi na plasta ya kidonda. Harufu hiyo kwenye chupa ya Mencía ya bei nafuu wauzaji wengine huiita "harufu ya ardhi ya Bierzo". Si kweli. Udongo haunuki zizi.

Kwa nini basi Bierzo hufanikiwa? Ni bonde lililozungukwa na milima, na mto Sil unapita ndani yake. Hewa yenye unyevu wa Atlantiki hufika, lakini milima huizuia isilete mvua nyingi kama ya Galicia, na usiku wa milimani hupoza mizabibu baada ya mchana wa jua. Mashamba huanzia takriban mita 450 chini bondeni, na mengine hupanda kupita mita 800. Chini kuna udongo wa mfinyanzi wenye rutuba, ambao huzaa sana na kutoa mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Juu, hasa kwenye miteremko ya kijiji cha Corullón, kuna sleti, yale mawe meusi yanayopasuka mabamba mabamba. Maji hayatuami humo, mzabibu huzaa vichala vichache vyenye punje ndogo, na maganda huwa mengi ukilinganisha na maji ya ndani. Rangi, pamoja na sehemu kubwa ya harufu na tanini, hutoka kwenye ganda. Mizabibu mingi huko ni ya zamani, imekatwa umbo la kichaka bila waya, na mingine imepita miaka 80.

Sehemu kubwa ya karne ya 20 zabibu hizi zilikuwa zikichanganywa tu bila kujali zimetoka mteremko gani. Alvaro Palacios, aliyekwisha jipatia jina katika eneo la mvinyo la Priorat, pamoja na mpwa wake Ricardo Pérez Palacios, waanzilishi wa Descendientes de J. Palacios, walifika Corullón mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuanza kununua vipande vya miteremko ambavyo wenyeji walikuwa wakiviacha kwa ugumu wa kuvilima. Trekta haliwezi kupanda huko. Hulimwa kwa nyumbu. Wakati huohuo Raúl Pérez, wa familia ya wakulima wa Valtuille de Abajo, aliionyesha Mencía kwa namna yake, akitumia udongo wa mchanga na mfinyanzi kwa ufundi uleule ambao wengine walidhani ni wa sleti peke yake.

Pétalos ni mvinyo wa kwanza katika ngazi ya Descendientes de J. Palacios. Zabibu zake hutoka vijiji kadhaa, karibu zote zikiwa Mencía, pamoja na sehemu ndogo ya zabibu nyingine zilizopandwa humo humo tangu zamani, zikiwemo nyeupe. Zabibu nyeupe chache ndani ya mvinyo mwekundu si udanganyifu. Ndivyo mashamba ya kale yalivyopandwa, na kiasi hicho kidogo huinua harufu ya maua. Juu yake kuna Villa de Corullón, kisha chupa za shamba mojamoja, na kileleni La Faraona, kutoka kipande cha zaidi kidogo ya nusu hekta, ambacho bei yake haimhusu mnywaji wa kawaida.

Joto, hewa na glasi

Hapa ndipo chupa nyingi za Mencía zinapopotea. Ushauri wa kwamba mvinyo mwekundu unywewe "kwenye joto la chumba" ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zilizokuwa na nyuzi 16 au 17. Chumba chenye nyuzi 25 hakihusiki. Kwenye nyuzi 22 na kuendelea, kileo cha Pétalos hutangulia kufika puani kuliko maua, uchachu mdogo uliopo haushikiki tena, na kinachobaki kinafanana na sharubati yenye pombe. Mtu akisema Mencía ni "nzito na haina uhai", muulize kwanza aliinywa kwenye nyuzi ngapi.

Mimina ikiwa na nyuzi 13 au 14, uinywe kati ya 14 na 16. Glasi iliyo mezani hupata joto yenyewe, kwa hiyo kuanza chini kidogo ni salama kuliko kuanza juu. Chupa yenye nyuzi 25 ikiwekwa kwenye jokofu la kawaida itachukua zaidi ya saa moja kufika huko. Kwa haraka, tumia ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu, maji yafike shingoni mwa chupa: dakika 10 hadi 12 zinatosha. Barafu tupu bila maji hupoza polepole, kwa sababu hewa iliyo kati ya vipande haipitishi joto vizuri. Sehemu ya kugandishia ya jokofu hufanya kazi kwa nusu saa hivi, lakini ukisahau, mvinyo huganda, hutanuka na kukisukuma kizibo nje.

Usiishushe chini ya nyuzi 11. Ubaridi huongeza ukali wa tanini, na harufu hufunga. Ikitokea umeizidisha, shika glasi kwa viganja viwili kwa dakika tatu.

Jambo la pili ni hewa. Mencía huwa na mwelekeo wa kukosa hewa inapotengenezwa, hasa iliyotunzwa na mashapo yake bila kuhamishwa mara nyingi. Ukifungua unaweza kukutana na njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa, mpira, hata yai lililochemshwa kupita kiasi. Usiimwage. Mimina kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana, tikisa kwa nguvu kama mara kumi, ngoja dakika 20, kisha onja. Kiberiti huondoka mara nyingi. Yai huchukua muda zaidi kidogo. Ikiwa saa moja imepita na mpira bado uko palepale, misombo hiyo ya salfa imeshajifunga kwa namna ambayo hewa haiwezi kuifungua, na chupa hiyo ina kasoro.

Kwa chupa changa isiyo na tatizo, dakika 20 hadi 30 za hewa zinatosha. Saa tatu ni nyingi mno. Maua ndiyo ya kwanza kuondoka, na mvinyo uliolipiwa kwa ajili ya maua hauna sababu ya kupoteza kitu hicho. Chupa iliyopita miaka minane isiwekwe kwenye jagi kwa ajili ya hewa; isimamishe wima siku moja kabla ili mashapo yashuke chini, mimina taratibu kwa mkono mmoja usiotikisika, na acha sentimita mbili za mwisho ndani ya chupa.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo unaofinyika kidogo, ujazo wa mililita 450 hadi 600, nawe ujaze theluthi moja tu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Glasi nyembamba ndefu huibana harufu ya maua, na glasi iliyofutwa kwa kitambaa chenye sabuni itanuka sabuni kuliko mvinyo. Isuuze kwa maji moto peke yake na uiache ikauke yenyewe.

Kizibo cha mti kikitoka, nusa mvinyo kabla ya kitu kingine. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa, au ghala lenye ukungu, ni dalili ya TCA, kemikali itokanayo na kizibo. Hewa haiondoi, na dakika kumi baadaye huwa mbaya zaidi. Rudisha chupa dukani ikiwa bado imejaa. Harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni asidi ya asetiki na mwenzake etili asetati. Kidogo sana huvumilika, ikikukereketa puani ni kasoro. Kizibo kilichonyanyuka kupita mdomo wa chupa, au utando wa mvinyo mkavu chini ya kifuniko cha nje, humaanisha chupa ilipata joto kali njiani au ghalani. Mencía ya namna hiyo hunukia zabibu kavu zilizochemshwa, hata kama mwaka ulioandikwa ni wa juzi juzi.

Mezani

Chakula cha Bierzo chenyewe ndicho mwongozo bora, kwa sababu mvinyo na chakula hicho vimekaa pamoja muda mrefu. Pilipili tamu nyekundu za huko huchomwa, humenywa ganda na kulowekwa katika mafuta ya zeituni. Utamu wake wa moshi hupokea matunda ya Mencía bila kugombana. Cecina de León, nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, ikafukizwa moshi na kukaushwa kwa miezi mingi, ikikatwa nyembamba kama karatasi na kudondoshewa mafuta ya zeituni, ndiyo jozi tunayoiweka mbele. Protini na mafuta hushika tanini, chumvi huzidisha matunda, na mvinyo unaonekana una uchachu zaidi ya ule ulio nao. Botillo, mfuko wa utumbo uliojazwa mbavu na mkia wa nguruwe pamoja na paprika na kitunguu saumu, unahitaji chupa yenye nguvu kidogo kuliko Pétalos. Hapo Villa de Corullón au crianza (mvinyo uliotunzwa muda kwenye pipa) nzuri ya jirani ingefaa zaidi. Pweza aliyechemshwa na kunyunyiziwa paprika na mafuta, kama anavyoliwa Bierzo na Galicia, huenda vizuri na Pétalos iliyopozwa hadi nyuzi 13.

Yapo yasiyofaa. Siki na mchuzi wa nyanya mbichi humaliza asidi ndogo ya mvinyo huu, ukaonekana umelala. Pilipili kali huwasha kileo. Ukilazimika, ipoze zaidi na uchague chupa ya asilimia 13, si 14.5. Samaki wa mafuta mengi na tanini hutoa ladha ya chuma mdomoni. Kitindamlo cha sukari huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu.

Kusoma lebo, na chupa za kulinganisha

Nyuma ya chupa tafuta stempu yenye namba ya Consejo Regulador, bodi inayosimamia mvinyo wa Bierzo. Eneo hili lilipata hadhi ya Denominación de Origen, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, mwaka 1989. Neno Mencía likiandikwa kwenye lebo, kanuni za Ulaya zinadai angalau asilimia 85 iwe ni zabibu hiyo. Lisipoandikwa, usihitimishe kwamba haimo. Chupa nyingi nzuri hutaja kijiji na kunyamaza kuhusu zabibu.

Neno *joven* humaanisha mvinyo mchanga, aghalabu haujagusa pipa, umekaa kwenye tangi la chuma kisichoshika kutu. Joven ya Bierzo hupatikana Uhispania kwa chini ya yuro 10, na ikitoka kwa mkulima makini ni mvinyo wa furaha kubwa: inywe ndani ya miaka miwili, baridi zaidi, nyuzi 12. *Roble* ni iliyopita kwenye pipa kwa miezi michache. *Crianza* kwa sheria ya Uhispania imetunzwa miezi 24, angalau 6 kati ya hiyo ndani ya pipa. Hapa tuna msimamo: kwa Mencía, neno crianza si cheo. Pipa jipya lenye kuta zilizochomwa sana humwaga vanila, nazi na kahawa juu ya zabibu ambayo thamani yake ni wepesi, na wapo watengenezaji ambao bado huuza mbao kwa bei ya shamba. Ukinusa chupa ukakuta nazi na chokoleti kabla ya cheri, ulicholipia ni pipa.

Maneno yenye uzito zaidi ni ya mahali. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Bierzo ilipitisha ngazi zinazofuata ardhi badala ya muda wa pipa: *vino de villa* kwa zabibu za kijiji kimoja, *vino de paraje* kwa sehemu yenye jina ndani ya kijiji, kisha *viña clasificada* na *gran viña clasificada*. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo mavuno yanayoruhusiwa kwa hekta yanavyopunguzwa. Upungufu wa Pétalos uko hapa hapa. Kwa kuwa inachanganya vijiji vingi, haikuonyeshi tofauti ya Corullón na Valtuille. Anayetaka kuijua tofauti hiyo aweke kando yake Ultreia Saint Jacques ya Raúl Pérez, ambayo bei yake haiko mbali. Kwa kawaida huwa na vikonyo zaidi ndani yake: zabibu huchachushwa baadhi zikiwa vichala vizima. Vikonyo huleta harufu ya viungo na chai, na mdomoni huleta hisia ya ubichi, ingawa kikemia potasiamu yake huishusha asidi badala ya kuipandisha. Wengine huupenda mno ukavu huo wa vikonyo, wengine hawauwezi. Anayependa ulaini, Pétalos itamkalia vizuri zaidi.

Chupa ya tatu ya kulinganisha iwe ya Ribeira Sacra, Galicia, ambako Mencía hulimwa kwenye matuta ya mawe juu ya mito Sil na Miño. Huko hewa ni ya baridi na unyevu zaidi, kileo mara nyingi huwa chini kidogo, na mvinyo huwa mwembamba wenye uchachu unaojitokeza. Ziweke zote tatu kwenye nyuzi 14, glasi za aina moja, mililita 60 kila moja, bila chakula kwa robo saa ya kwanza. Utajifunza Mencía kuliko kwa kunywa chupa sita za mtengenezaji mmoja.

Kuhusu mwaka wa mavuno, usinunue kwa kufumba macho. Mwishoni mwa Aprili 2017 baridi kali iliunguza machipukizi katika sehemu kubwa ya Bierzo na mavuno yakaporomoka, kwa hiyo chupa za mwaka huo ni chache. Mwaka 2022 ulikuwa wa joto na ukame mwingi Uhispania. Chupa za miaka ya namna hiyo zipozwe zaidi na zinywewe mapema. Kama huna habari za mwaka, soma kileo. Kati ya chupa mbili za mtengenezaji mmoja, yenye 13.5 kwa kawaida itakuwa na maua zaidi ya yenye 14.5, na kwa zabibu hii tungechukua ya kwanza bila kusita.

Pétalos huwa katika hali nzuri kati ya mwaka wa tatu na wa saba tangu mavuno. Kabla ya hapo inahitaji hewa. Baada ya hapo matunda hupungua na ngozi na uyoga huanza kuonekana, jambo linalopendeza iwapo chupa ilitunzwa vizuri na kusikitisha iwapo haikutunzwa. Ilaze gizani kwenye nyuzi 12 hadi 16 ili kizibo kibaki na unyevu. Juu ya kabati la jikoni au karibu na jokofu linalotoa joto hapafai hata kwa wiki chache za joto. Usipokuwa na mahali pa baridi, nunua chupa mbili za kunywa mwezi huu badala ya sanduku la sita.

Iliyobaki baada ya mlo izibe kwa kizibo chake, upande uliokuwa ndani urudi ndani, kisha iweke kwenye jokofu ikiwa imesimama. Siku ya pili bado ni nzuri, na kwa chupa changa iliyofunguka kwa ugumu wakati mwingine huwa bora kuliko ya kwanza. Siku ya tatu maua yameondoka, matunda yanaelekea kuwa makavu. Kama imebaki nusu au zaidi kidogo, ihamishie jioni ileile kwenye chupa ndogo safi ya mililita 375, ijaze hadi karibu na mdomo ili hewa isibaki ndani, na utapata siku mbili zaidi.